Uzi: Kujenga mahali pa utulivu ndani ya fikra, na kwa nini usiazime pa mtu mwingine

Mleta uzi

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Mimi ni muuguzi mkunga, huu ni mwaka wa kumi na nne nikiwa kazini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimeimaliza katika wodi ya leba, hasa zamu za usiku. Naleta uzi huu kwa sababu mwezi uliopita watu watatu wa karibu yangu, kila mmoja kwa wakati wake, wamenieleza kwamba walijaribu zoezi la kutuliza akili kwa kutumia picha za fikra, wakaona halina faida, wakaliacha. Nilipowauliza walivyofanya, nikakuta wote watatu wamefanya kosa lile lile nililolifanya mimi: waliazima mahali pa utulivu pa mtu mwingine.

Nianze na yangu. Miaka minne iliyopita nilifika hatua ambayo mikono ilikuwa ikinitetemeka ninapovaa glavu. Nilikuwa natoka zamu saa mbili asubuhi, nafika nyumbani, nalala chali na macho makavu hadi adhuhuri, huku moyo ukinidunda kana kwamba kuna mama anayekimbizwa chumba cha upasuaji. Nikiwa jikoni kwangu naosha vyombo, nilisikia vilio vya wodini ambavyo havikuwapo. Wenzangu walisema nina mawazo, na hawakukosea, kwani kwa Kiswahili ukisema mtu ana mawazo, hakuna anayeuliza kama ni ya heri au ya shari. Mshauri nasaha niliyemwendea alinisikiliza kwa vikao vitatu, kisha akanishauri kwamba, pamoja na mazungumzo yetu, nijaribu kujenga taswira ya mahali penye amani na kukaa humo dakika kumi kila siku.

Nilipakua rekodi moja ya Kiingereza. Sauti laini ya mwanamume ilinitaka nijione nikitembea katika msitu wa misonobari uliofunikwa na theluji, kisha niingie katika kibanda cha mbao chenye moto unaowaka. Mimi nimezaliwa mkoa wa Tanga. Theluji nimeiona kwa mbali tu, juu ya Kilimanjaro, kupitia dirisha la basi nikielekea Moshi, nayo haijawahi kugusa ngozi yangu. Kila sauti ile iliponitaka nisikilize theluji ikikanyagwa, akili yangu iliacha kupumzika ikaanza kazi ya kubuni, na dakika kumi zilipokwisha nilikuwa nimechoka kama mtu aliyetoka kwenye chumba cha mtihani.

Rekodi ya pili ilikuwa ya bahari. Wengi hudhani kwamba mtu wa pwani lazima atulizwe na bahari. Mjomba wangu alikuwa mvuvi. Alitoka na ngalawa wakati wa kusi, nami nikiwa na miaka minane, na hakurudi. Tangu hapo mawimbi yanayopiga ufukweni usiku kwangu mimi ni sauti ya watu wanaosubiri. Moyo ambao ulikuwa umeanza kushuka ulipanda tena, nikaizima simu.

Nilirudi kwa mshauri nikiwa na hakika kwamba zoezi hili si la watu kama mimi. Hakunipinga. Aliniuliza tu, “Mara ya mwisho kukaa mahali bila kutaka kujua saa ni ngapi, ilikuwa wapi?” Jibu lilinijia kabla sijalitafuta: uani kwa bibi yangu, Pangani, jioni, bibi akikuna nazi.

Naomba mniruhusu niueleze ua huo kwa kirefu, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo ufundi wote wa jambo hili. Bibi ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, mguu mmoja ameukunja, kizio cha nazi ameshika kwa mikono miwili. Anakuna mara tatu, anazungusha kizio kidogo, ananyamaza kwa muda wa pumzi moja, kisha mara tatu tena: kwaru, kwaru, kwaru. Nazi inadondoka kwenye sinia. Mimi nimekaa chini, nimeegemea ukuta ambao bado una joto la jua la mchana, na nyayo zangu ziko juu ya mchanga uliomwagiwa maji, kwa hiyo mgongo una joto na miguu ina ubaridi kwa wakati mmoja. Kuna moshi wa vifuu kutoka jikoni. Jani pana la mti wa mkungu linaanguka na kutoa sauti kama karatasi. Hakuna anayenihitaji kwa lolote. Ningeweza kuorodhesha mambo mengine ishirini, na lililo kubwa ni kwamba hakuna hata moja ninalolibuni. Yote nayakumbuka, na kukumbuka hakunichoshi kama kubuni.

Juma la tatu nikiwa uani kwa bibi, niligundua kwamba pumzi zangu zimeanza kufuata mkono wake.

Sasa, pengine mtauliza inawezekanaje picha isiyokuwapo ibadili mwili uliopo. Fikirini embe bichi, lile gumu la kijani, limekatwa vipande virefu, likanyunyiziwa chumvi na pilipili ya unga, na kipande cha kwanza kinagusa ulimi. Anayesoma hapa na mate hayajamjaa kinywani ni mmoja mmoja. Embe halipo, lakini tezi za mate zimekwisha kulipokea. Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Oslo, Bruno Laeng na Unni Sulutvedt, walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba mboni za macho za watu hupungua wanapofikiria kitu chenye mwanga mkali na hupanuka wanapofikiria giza, ingawa hakuna taa iliyowashwa wala kuzimwa. Mboni hatuiamrishi kwa kutaka. Kabla yao, mwanzoni mwa miaka ya 1930, daktari Edmund Jacobson wa Chuo Kikuu cha Chicago aliunganisha nyaya kwenye misuli ya watu waliojilegeza kabisa, akawataka wafikirie tu kwamba wanakunja mkono. Mkono haukusogea, lakini vifaa vyake vilinasa umeme mdogo katika misuli ile ile ambayo ingefanya kazi kama mkono ungekunjwa kweli.

Sisi wakunga tunalijua hili kwa upande wake wa uchungu. Daktari Mwingereza Grantly Dick-Read aliandika mwaka 1933 kwamba hofu hukaza misuli ya mama anayejifungua, misuli iliyokazwa huongeza maumivu, na maumivu huzidisha hofu. Si kila alichokisema kimesimama hadi leo, lakini hilo nimelishuhudia kwa macho yangu mara nyingi: mama anayengoja maumivu yajayo anaumia hata pale ambapo mfuko wa uzazi umetulia.

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane vizuri. Mtu mwenye wasiwasi tayari ni fundi wa taswira. Mzazi anayesubiri mtoto aliyechelewa kurudi amekwisha kuiona ajali, ameiona pikipiki imelala barabarani, ameisikia simu ikilia na sauti ngeni upande wa pili. Mfanyakazi aliyeitwa ofisini kesho asubuhi amekwisha kufukuzwa kazi mara kumi kabla ya kulala. Mwili wa kila mmoja wao umepokea picha hizo kama ulivyolipokea embe: adrenalini imemwagika katika damu, moyo umekwenda mbio, tumbo limejikaza. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hana uwezo wa kufikiria kwa picha. Uwezo anao, isipokuwa kwa muda mrefu umekuwa ukimfanyia kazi upande mmoja tu.

Ninavyofanya ni hivi. Naketi, silali, kwa sababu nikilala nasinzia, na usingizi ni kitu chema lakini si zoezi. Navuta pumzi kwa hesabu ya nne na kuitoa kwa hesabu ya sita, mara sita au saba, maana moyo kwa kawaida hupunguza mwendo tunapotoa pumzi, na pumzi ndefu ya kutoka huupa nafasi hiyo. Kisha naulegeza mwili kuanzia taya, mabega, mikono. Wengine hupenda njia ya Mjerumani Johannes Schultz, aliyechapisha mfumo wake mwaka 1932, ambapo mtu hujiambia polepole kwamba mkono wake ni mzito, kisha kwamba una joto, na baada ya siku kadhaa za mazoezi mkono huo huanza kutii. Hapo ndipo naingia uani. Nawasihi msianze na macho. Anzeni na ngozi, na masikio, na pua: kiti kikoje chini yako, upepo unatoka wapi, kuna harufu ya nini. Macho hupenda kuangalia kutoka mbali, kama mtu anayetazama televisheni, wakati ngozi haiwezi kuhisi kitu pasipo wewe kuwapo. Nikishakaa, sifanyi lolote. Sitembei, sitafuti kitu, simsemeshi bibi. Nikiona fikra ya kazini imeingia, siifukuzi wala siifuati, narudi kuusikiliza mkono unaokuna. Mwisho nahesabu kutoka tano hadi moja, nacheza vidole vya miguu, nafungua macho.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni muda wa mazoezi. Msingoje dhoruba ndipo mjenge nyumba. Nilifanya zoezi hili kila siku kwa majuma matatu wakati sina tatizo lolote mbele yangu, na wakati wote huo nilikuwa nikibana kidole gumba na cha shahada kila nilipofikia kilele cha utulivu. Sasa nikiwa mlangoni pa wodi na moyo unaanza kupanda, kubana vidole hivyo na kusikia kwaru tatu kunanitosha. Inachukua nusu dakika na hakuna anayejua ninachofanya. Tafadhali msilifanye mkiwa mnaendesha gari au pikipiki.

Nimeandika mengi. Nakaribisha maswali na uzoefu wenu.

Mchangiaji, Mwanza

Dada, nakushukuru kwa maneno yako kuhusu bahari, kwa maana umenifungulia jambo nililolibeba kwa aibu. Baba yangu alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba ilipozama humu ziwani tarehe 21 Mei 1996. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na semina kazini, mwezeshaji akatutaka tufumbe macho na kujiona tukielea juu ya ziwa tulivu. Nilisimama nikatoka nje. Baadaye niliambiwa kwamba nimekosa adabu, nami sikuweza kujieleza. Katika mji huu, na kule Ukerewe na Ukara kilikozama kivuko cha MV Nyerere mwaka 2018, maji matulivu hayawezi kuwa picha ya kila mtu.

Baada ya kusoma uzi wako nimejiuliza swali la mshauri wako. Jibu langu limenishangaza, kwa kuwa si mahali pazuri. Ni karakana ya fundi baiskeli karibu na shule niliyosoma, ambako nilikuwa nikipita jioni na kukaa juu ya tairi kuukuu. Kuna harufu ya grisi na ya gundi ya kuzibia pancha, fundi haongei, anazungusha gurudumu na kulisikiliza. Je, mahali kama hapo panafaa?

Mleta uzi

Kaka yangu, pole sana kwa baba. Hukukosa adabu. Mwezeshaji angeweza kuwaambia tu kwamba kila mtu achague mahali pake, na anayetaka kubaki na macho wazi abaki nayo wazi. Sentensi moja hiyo ingekuepusha na mengi.

Karakana inafaa, na kwa maoni yangu inafaa kuliko maporomoko ya maji ambayo hujawahi kuyafikia. Umesema harufu mbili, sauti moja na kitu unachokikalia, nawe hukutumia neno hata moja la kusifia. Sikiliza gurudumu linavyopunguza mwendo hadi kusimama, na uache pumzi yako itoke pamoja nalo.

Mchangiaji, Mombasa

Shukrani kwa mada hii, dada yangu. Tatizo langu ni tofauti na yote yaliyotajwa. Nikifumba macho sioni chochote, ni giza tupu. Mke wangu akiniambia anauona uso wa marehemu mama yake kama picha, mimi nilikuwa nikidhani anatumia lugha ya tamathali. Namjua mama yangu, nakumbuka kila kitu kumhusu, lakini simwoni. Je, zoezi hili limenipita?

Mleta uzi

Halijakupita, na hali yako inajulikana kwa muda mrefu. Mwaka 1880 Mwingereza Francis Galton alichapisha majibu ya watu aliowaomba waikumbuke meza yao ya kifungua kinywa na kueleza wanavyoiona akilini. Wengine waliiona kwa rangi zake zote, na wengine, wakiwemo wanasayansi, walisema hawaoni kitu. Jambo hilo halikuwa na jina la kitabibu hadi mwaka 2015, ambapo daktari wa neva Adam Zeman wa Chuo Kikuu cha Exeter na wenzake waliliita afantasia. Haihesabiwi kuwa ugonjwa, na wenye hali hiyo wanasoma, wanachora, wanalea watoto.

Kwa kuwa mlango wa macho umefungwa, ingia kwa mwingine. Je, unaweza kuisikia adhana ya msikiti wa mtaani kwenu bila adhana kuwapo? Unaweza kukumbuka ubaridi wa sakafu ya saruji unapolala juu yake mchana wa joto? Ikiwa ndiyo, unayo malighafi ya kutosha. Na ikiwa hata hizo hazipo, njia ya Jacobson ya kukaza kundi moja la misuli kwa sekunde chache na kuliachia, kuanzia miguu hadi uso, haihitaji taswira yoyote, nayo hutuliza mwili vizuri. Usijilazimishe kuona. Watu wanaojilazimisha huishia kukunja nyuso, na uso uliokunjwa unauambia mwili habari nyingine.

Mchangiaji, Dodoma

Naomba kuuliza kwa heshima. Katika kanisa letu tumeonywa kuhusu mazoezi ya kufumba macho na kuiacha akili wazi, kwamba ni ibada za dini nyingine zinazoingizwa kwa jina la afya. Wewe unalionaje hilo?

Mleta uzi

Swali lako ni la haki, na neno la mwisho juu ya dhamiri yako ni lako na la viongozi wako wa kiroho. Ninachoweza kueleza ni kilichomo ndani ya zoezi lenyewe: pumzi, misuli, na kumbukumbu ya mahali ulipowahi kukaa. Haliombi kitu kwa mtu wala kwa roho yoyote, wala haliachi akili wazi. Kinyume chake, linaijaza mchanga, moshi na sauti ya nazi.

Nyongeza ni kwamba waumini walitumia picha za fikra kabla ya hospitali kuzijua. Ignatius wa Loyola, aliyeanzisha shirika la Wajesuiti katika karne ya 16, aliwafundisha wafuasi wake kupajenga ndani ya fikra mahali tukio la Maandiko lilipotokea, kwa kuona, kusikia na hata kunusa, kabla ya kuanza sala. Na Zaburi ya 23, ambayo najua mnaisoma misibani na furahani, humpeleka msomaji kwenye malisho mabichi na maji matulivu kabla ya kumpitisha kwenye bonde la giza. Mimi ni Mwislamu, na huanza kwa dhikri fupi. Mwenzangu wa zamu ni Mkatoliki, yeye huanza kwa sala yake. Tunakutana mlangoni pa wodi.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi nitasema wazi. Nadaiwa mikopo mitatu ya kausha damu, ile ya riba kali, kodi ya nyumba imefika miezi miwili, na mwenye nyumba anagonga mlango. Nikifumba macho na kwenda kwenye ua wa bibi, nikiyafumbua deni liko pale pale. Haya si mambo ya watu wenye nafasi?

Mleta uzi

Pole, ndugu yangu, na sitakudanganya. Ua wa bibi haulipi kodi. Mtu akikuambia kwamba msongo unaotokana na njaa au deni utaondoka kwa kufikiria bustani, anakudharau.

Lakini nakuomba utazame jambo moja. Mtu anayedaiwa sehemu tatu na hajalala siku nne, ndiye anayekopa mkopo wa nne saa saba usiku kwa simu ili kuuzima wa kwanza. Nimeliona kwa wenzangu kazini. Dakika kumi za utulivu kazi yake hapo ni ndogo nayo ni maalumu: kuushusha mwili kiasi kwamba uweze kuketi na karatasi, kuandika unadaiwa nini na nani, na kwenda kuzungumza na mwenye nyumba kabla hajagonga. Baada ya hapo unahitaji mtu, si taswira. Kule Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006, eneo la Mbare jijini Harare, kuwaketisha akina bibi waliofunzwa kwenye mabenchi nje ya zahanati ili wawasikilize watu wenye kile Washona wanachokiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, neno ambalo sisi tungelitambua mara moja. Bibi hamwambii mtu asiwaze. Wanachagua pamoja tatizo moja kati ya yale mengi na kutafuta hatua ya kwanza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliopitia mabenchi hayo walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Tafuta mtu wa namna hiyo katika ukoo wako au mtaani, mwenye subira na asiyekuwa na kitu cha kukuuzia.

Mchangiaji, Arusha

Nimejaribu jana usiku kama ulivyoelekeza. Nilichagua sebule ya nyumba tuliyokulia. Dakika mbili za mwanzo zilikuwa njema, kisha nikaona tena usiku ule tulipovamiwa, mlango ukivunjwa, kila kitu. Nilitetemeka hadi alfajiri. Sitaki kurudia.

Mleta uzi

Usirudie, na pole sana. Hili nilipaswa kuliandika juu kabisa, nami nawaomba radhi kwa kulichelewesha.

Mtu aliyepitia uvamizi, ubakaji, vita au ajali anaweza kufumba macho akitafuta utulivu na kukutana na kile alichokikimbia, kwa sababu kumbukumbu za kiwewe mara nyingi hukaa kama picha na sauti, nazo huja zenyewe. Kwa mtu wa namna hiyo nashauri macho yabaki wazi. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili, shika kitu kigumu na chenye ubaridi, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona chumbani sasa hivi, jiambie tarehe ya leo. Lengo ni kurudi mahali ulipo badala ya kwenda pengine. Kazi ya kuziendea picha zile ifanywe pamoja na mtaalamu aliyefunzwa, polepole, katika chumba ambacho unajua mlango wake unafunguka. Vivyo hivyo kwa mwenye kusikia sauti zisizokuwapo au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, zoezi hili si lake hadi daktari wa akili aseme. Hata mimi, vilio vile nilivyovisikia jikoni nilivieleza kwa daktari kabla ya kufumba macho hata mara moja. Hospitali za rufaa zina madaktari wa akili. Muhimbili ipo, na Mirembe ya Dodoma si ya watu walioshindikana kama tulivyozoea kutishana utotoni. Na mwenye fikra za kujiondolea uhai asisome zaidi uzi huu. Amwamshe aliye karibu naye sasa hivi na waende hospitali pamoja.

Niongeze na hili, kwa kuwa nimeona ujumbe wa faragha ukiniuliza. Katika miaka ya 1970 daktari wa mionzi wa Marekani, O. Carl Simonton, aliwafundisha wagonjwa wa saratani kufikiria chembe nyeupe za damu zikizishambulia zile za saratani. Haijathibitishwa kwamba taswira hizo huponya saratani. Zinaweza kumsaidia mgonjwa kupunguza wasiwasi akiwa anasubiri matibabu, na hilo si dogo, lakini anayeacha dawa ili afikirie anajiweka hatarini, na anayemwambia mgonjwa kwamba hakupona kwa sababu hakufikiria vizuri anamtwisha mzigo wa pili.

Mchangiaji, Mwanza

Dada, nimekaa kwenye karakana siku tisa mfululizo. Jana nilipita pale kwa miguu, nikakuta pamejengwa duka la vipuri na fundi hayupo. Usiku nilipojaribu, niliona duka. Umewahi kupatwa na hili?

Mleta uzi

Nimepatwa nalo. Bibi alifariki mwaka juzi. Nyumba iliuzwa, mkungu ukakatwa, na pale uani sasa pamewekwa vigae. Kwa miezi miwili baada ya maziko sikuweza kuingia kule kabisa. Nilikuwa nikifika penye ua wa makuti nasimama, kwa sababu nilijua nitakayemkuta, nami nililia badala ya kupumzika. Mshauri aliniambia nisipalazimishe, kwamba kulia kule nako kulikuwa na zamu yake. Muda huo nilitumia pumzi na misuli peke yake.

Niliporudi, sinia lilikuwa mahali pake, ukuta una joto, mchanga una ubaridi, na mbuzi ilikuwa wazi, haina mtu. Nilisimama nayo usiku kadhaa bila kujua la kufanya. Kisha nikaketi juu yake mwenyewe, nikakunja mguu kama alivyokuwa akikunja, nikashika kizio. Mwanzo mkono wangu ulikwenda haraka mno. Wewe nawe huenda ukalazimika kulishika gurudumu kwa mkono wako, ukalizungusha polepole, ukalisikiliza kama alivyokuwa akilisikiliza.

Jana kabla ya zamu nilikuna kizio kimoja na nusu, kisha nikaingia ndani nikavaa glavu.